Kadibodi Nyuma ya Picha ya Harusi

Niliomba kisu. Mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi kando ya uwanja wa chifu akanipa chake, kisu kidogo cha mpini wa mbao, bado kina unga. Nikaweka picha juu ya meza ya chifu, uso ukiangalia chini, nikaanza kung'oa misumari ya fremu, mmoja mmoja. Baraza yote ilikuwa inaniangalia. Na mimi nilikuwa nacheka. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, ndugu zangu, kwamba nilikuwa nacheka. Nilimwangalia shemeji yangu nikamwambia mbele ya watu, "Sasa utaona."

Nikainua ubao wa nyuma. Ndani kulikuwa na kipande cha kadibodi ya kijivu, kimekatwa na makasi vizuri, kipimo cha picha kabisa. Nikaitoa, nikaigeuza, nikatikisa fremu. Nikainama nikaangalia chini ya meza, kama vile karatasi inaweza kuanguka bila mtu kuona.

Chifu akaniuliza, "Mama, barua ya shamba iko wapi?"

Kijana mmoja huko nyuma akasema, "Labda imejificha kwa mfuko wa bwana harusi." Watu wakacheka, hata wale niliowapikia siku ya matanga. Shemeji yangu hakucheka. Yeye alisimama akasema kwa sauti ya upole, "Mumsamehe huyu mama. Ni uchungu wa kufiwa unamchanganya. Mimi sina ubaya na yeye."

Hapo ndipo nilianguka. Sasa wacha nirudi nyuma niwaeleze nilifikaje kwa hiyo meza.

Mimi naitwa Nekesa. Nilizaliwa Bumula, sikusoma. Baba alisema msichana ataenda kusomea kwa bwana yake. Kamati ya hii laibrari wameniita leo, siku ya watu kuleta vitu vya zamani, nitoe ushuhuda wa vile darasa la gumbaru, la watu wazima kujifunza kusoma, lilinisaidia. Mwenyekiti aliniambia, "Mama, eleza vile ulitoka gizani, lakini usitaje watu majina." Nikamwambia nimesikia. Nilisikia, lakini sikukubali. Nimeyaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, kurasa kumi na moja za daftari, na majina yako ndani. Mwenye kuona aibu, aone.

Bwana yangu aliitwa Wanjala. Kwao ni Myanga, lakini shamba ya baba yake ilikuwa kidogo na ndugu walikuwa wengi, kwa hivyo alipopata nafasi ya kununua huku Kitale na wenzake, alinunua. Ekari mbili na nusu. Walipewa barua, kila mtu yake, yenye jina na nambari ya ploti na muhuri. Hati yenyewe ilikuwa haijatoka. Mnajua mambo ya ardhi ya huku, mtu anaweza kulima miaka ishirini akingoja hati. Hiyo barua ndiyo ilikuwa shamba yenyewe.

Wanjala aliiweka mahali ambapo watu wengi wa huku wanaweka. Nikiangalia hapa naona wengine mnatabasamu, maana zenu ziko huko huko. Alifungua picha yetu ya harusi, akaikunja barua mara moja, akaiweka kati ya picha na ubao, akapigilia misumari. Akaitundika juu ya kiti chake. Aliniambia, "Mwizi ataiba redio, ataiba sufuria, hawezi kuiba uso wa mtu." Akaniambia pia nisiifungue na nisimwambie mtu.

Kwa hiyo picha tuko watu wanne. Mimi, Wanjala, dada yangu, na ndugu ya Wanjala, Makokha, yule shemeji wa kwa chifu, ambaye alikuwa msimamizi wetu. Makokha amesoma, ni mwalimu. Kwa picha ameweka mkono juu ya bega la Wanjala. Nimeuangalia huo mkono sana katika maisha yangu.

Wanjala alikufa kwa kifua, mwaka mmoja kabla ya ile serikali mpya kuingia na shule za msingi kuwa za bure. Tulimzika hapo hapo shambani, chini ya mti wa parachichi, maana yeye mwenyewe alisema asirudishwe Myanga. Aliniacha na wasichana wawili, Nafula na Naliaka. Sikuwa na kijana wa kiume. Hilo nalitaja kwa sababu Makokha alilitaja kabla hata udongo haujakauka.

Baada ya kunyoa nywele za matanga alikuja akakaa kwa kiti cha ndugu yake. Akasema, "Mulamwa, shemeji yangu, hii nyumba haiwezi kukaa bila mtu." Nikamwambia nyumba ina watu watatu. Akasema, "Nasema mtu." Nikamwambia mimi sitaki kurithiwa, nitalea watoto wangu. Hakukasirika. Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka. Ningejua wakati ule kwamba mtu asiyekasirika ndiye wa kuogopa, ningeichukua ile barua niishone ndani ya nguo yangu.

Sasa tunafika kwa hii laibrari.

Mnaijua ilivyo. Zamani ilikuwa stoo ya mahindi, ndiyo maana hata leo kukinyesha kunanuka magunia. Ilipofunguliwa, walitaka kuwavuta wenyeji, maana watu walikuwa wanapita tu nje, wanafikiri ni ofisi ya kodi. Ndipo wakatangaza kanisani na sokoni na msikitini kwamba kutakuwa na maonyesho. Kila mtu alete kitu cha zamani cha nyumbani kwake, picha, chungu, jembe la mzee, kitundikwe ukutani wiki mbili, halafu kirudishwe kwa mwenyewe. Lilikuwa jambo nzuri. Sisemi lilikuwa baya. Nilitaka watu wamuone Wanjala akiwa na suti.

Siku ya kupeleka vitu Makokha alikuwa amekuja kutusalimia. Akasema, "Peleka ile ya harusi, ndiyo nzuri. Twende nikusindikize." Tukaenda pamoja. Nilibeba picha kifuani, nimeifunga na leso.

Aliyekuwa anapokea vitu ni Bwana Situma, afisa wa hii laibrari. Ndiye yule pale mbele, mwenye koti la kahawia. Bwana Situma, usiangalie saa, ushuhuda bado.

Alikuwa na kitabu kikubwa cha kijani, mgongo mwekundu. Aliandika, akanigeuzia, akaniambia, "Weka kidole hapa." Nikaweka kidole gumba. Hakunisomea. Mimi sikuuliza, maana mtu kama mimi akiuliza mtu kama yeye anaonekana msumbufu. Halafu, ndugu zangu, nikafanya kosa ambalo nimelirudia kichwani kila siku tangu wakati huo. Nilikuwa nimegeuka kutoka, nikakumbuka maneno ya Wanjala, nikarudi, nikamwambia Bwana Situma, "Tafadhali baba, usifungue nyuma."

Mnaona? Nani anasema hivyo kama nyuma hakuna kitu? Bwana Situma aliniangalia. Halafu akamwangalia Makokha. Makokha akacheka kidogo, akasema, "Wamama na vitu vyao bana." Tukatoka.

Maonyesho yalifika, nikaenda na wasichana wangu. Wanjala alikuwa ukutani kati ya pembe ya ng'ombe na picha ya askari wa zamani. Watu walisimama mbele yake. Naliaka, wa mwisho, alikuwa anawaambia wageni, "Huyo ni baba yangu." Hiyo siku nilifurahi. Nataka niseme ukweli wote, na hiyo ni sehemu ya ukweli. Yeye yuko ukutani amevaa suti, na barua yake ilikuwa imetoka zamani, mimi sijui.

Wiki mbili zikaisha, nikarudishiwa picha. Niliibinya na vidole, nikasikia nyuma bado kuna unene. Nikaweka kidole tena kwa kitabu, kwamba nimepokea. Nikaitundika juu ya kiti. Nikapanda mahindi, nikavuna, nikapanda tena, nikavuna tena.

Mavuno ya pili ndipo Makokha alikuja na watu wawili wa kupima. Wakaingia kwa shamba na kamba, hata hodi hawakupiga. Nikamuuliza, "Shemeji, hawa ni nani?" Akasema, "Wanapima shamba yangu." Nikafikiri ni mzaha. Nikamwambia shamba ni ya Wanjala na iko na barua. Akasema, "Basi ulete hiyo barua kwa chifu, na mimi nitaleta yangu." Alisema hivyo bila wasiwasi, kama mtu anayekualika chai.

Yale ya kwa chifu mmeshasikia. Ile kadibodi ilikuwa mkononi mwangu, na Makokha akafungua bahasha yake, akatoa barua. Mimi nilijua ile karatasi kwa mkunjo wake. Ilikuwa imekunjwa mara moja, katikati. Nikapiga kelele kwamba ni ile ile. Chifu akaisoma, akasema, "Hapa kuna barua ya marehemu, na iko kwa mkono wa ndugu yake. Na wewe mama uko na kadibodi." Akanipa siku saba nihame.

Siku ya saba watu wa Makokha walikuja kung'oa mabati. Naliaka alikuwa ndani anaumwa malaria, alilala akiangalia juu, na mabati yakitolewa moja moja mpaka akaona mawingu. Aliniuliza, "Mama, wanatengeneza?" Nikamwambia ndiyo, wanatengeneza.

Nilifikiri sana hiyo picha ilitoka ukutani lini. Katika maisha yake yote ilitoka mara moja tu. Nikaja hapa. Bwana Situma alinikaribisha kwa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, sisi tunaweka vitabu. Barua za shamba si kazi yetu." Nikamwambia ilikuwa nyuma ya picha. Akasema, "Uliandika wapi kwamba kuna barua?" Nikamwambia mimi sijui kuandika. Akafungua kile kitabu cha kijani, akaniwekea kidole chake juu ya alama ya kidole changu iliyokauka, akasema, "Hiki ni cha nani? Si ni chako? Umekubali kwamba umepokea kila kitu kikiwa salama. Sasa unataka nikusaidie namna gani?"

Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu, ndugu zangu. Ukweli wote ulikuwa umeandikwa hapo, karibu na mkono wangu kama vile hii daftari iko karibu sasa. Mimi niliona mistari tu. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, nikatoka.

Nilirudi Bumula kwa mama yangu na watoto. Ndugu zangu wa kuzaliwa walinivumilia msimu mmoja. Halafu wake zao wakaanza kuhesabu vikombe. Nikamwacha Naliaka kwa mama, nikarudi Kitale na Nafula, tukapata chumba Kibomet, mlango unaangalia choo. Nilikuwa nafulia watu nguo, nalima vibarua. Nafula aliacha shule darasa la saba, wakati shule ilikuwa bure, kwa sababu mtoto wa darasa la saba anahitaji kula. Alienda kuwa mfanyakazi wa nyumba mbali. Alikuwa anapenda hesabu. Siku ya kuondoka aliniambia, "Usijali mama, nitarudi kufanya mtihani." Hajarudi. Sasa ana mtoto.

Kuna wiki nililala kitandani siku nne, si mgonjwa, si mzima. Jirani aliniletea uji, nikaukataa. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu hata hasira hana. Siku ya tano hasira ikarudi, na ndiyo ilinisimamisha. Wengine wanashuhudia hapa kwamba walisimamishwa na maombi. Mimi nawaambia yangu.

Nikaanza kuja hapa nje. Nikimaliza kufua, kama saa nane mchana, nilikuwa nasimama kwa lile dirisha la upande wa barabara, namwangalia Bwana Situma akifanya kazi yake. Nilitaka tu anione. Nilitaka akinywa chai imkwame. Nilikuja hivyo karibu mwezi mzima. Alikuwa anavuta pazia.

Siku moja mwalimu akatoka nje. Ni Mwalimu Rukia, wa kule karibu na msikiti, yule aliyeketi kule nyuma na buibui. Alikuwa anafundisha gumbaru hapa bila mshahara, siku tatu kwa wiki. Aliniona mara nyingi kwa dirisha, akafikiri naona aibu kuingia. Akaniambia, "Mama, utasimama mpaka lini? Darasa limeanza, ingia ukae." Nikamwambia sikuja kusoma. Akasema, "Umekuja kufanya nini?" Nikaingia. Nikawaza, nikiwa ndani nitamwona vizuri zaidi.

Hivyo ndivyo nilianza shule, kwa chuki. Kamati iliandika kwa tangazo ati nilikuwa na kiu ya elimu. Sikuwa na kiu yoyote.

Siku ile ya kwanza Mwalimu Rukia alitufungulia kitabu cha picha, atuonyeshe herufi ya a. Kwa ukurasa wa kwanza kulikuwa na muhuri, duara ya zambarau. Nikashtuka mpaka kiti kikalia. Nilikuwa nimeiona hiyo duara. Kadibodi yangu ilikuwa nayo pembeni, nusu, imekatwa na makasi. Nilikuwa nimeihifadhi chini ya godoro, nikifikiri ni alama ya kiwanda cha biskuti.

Nikamuuliza, "Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni muhuri wa laibrari. Kila kitu cha hapa kinapigwa."

"Hata kadibodi?"

"Hata kadibodi. Kwani unataka kuiba?" Darasa likacheka. Mimi nikashika kalamu. Kutoka siku hiyo sikukosa darasa hata moja, hata siku ya mvua ya mawe.

Ilikuwa ngumu. Vidole vya kufulia haviwezi kalamu haraka. Kulikuwa na watoto wa shule wanakuja kufanya kazi zao za nyumbani meza ya pili, wananichungulia. Msichana mmoja alisema, "Mama, hicho kitabu ni cha nasari." Nikamwambia, "Najua. Wewe ulikisoma ukiwa na miaka mitano, mimi niko na arobaini na tatu, tofauti ni hiyo tu." Akanisogelea akanisaidia neno moja. Nilisoma nasari, nikasoma darasa la kwanza, la pili, la tatu. Mwaka ukapita na nusu.

Desturi ya darasa letu, kwa vile hatukulipa, ilikuwa kusafisha. Kila mtu alikuwa na zamu, meza, sakafu, madirisha. Zamu yangu moja nilipewa chumba cha nyuma, kule wanaweka makaratasi ya ofisi. Nilikuwa napangusa rafu na kitambaa chenye maji, nikaona mgongo mwekundu.

Nilijua kile kitabu kabla ya kukigusa. Nikakitoa, nikakaa chini sakafuni, nikafungua. Jina langu sikuweza kulipata haraka, mwandiko ulikuwa wa kulala. Lakini kidole changu nilikijua. Nilikatwa gumba na panga nikiwa msichana, kovu linapita katikati kama barabara. Nikatafuta ukurasa kwa ukurasa, vidole vya watu, mpaka nikaona kovu langu.

Kando yake nikasoma. Nilisoma kwa kidole, neno moja moja, nikitoa sauti. Kwa bahati kiliandikwa Kiswahili, kwa sababu kamati ilitaka kila mwenye kitu asomewe kabla ya kuweka kidole. Kiliandikwa hivi, na mimi nimekikariri kama sala: *Picha ya harusi, fremu ya mbao, moja. Barua ya shamba ndani yake, moja.* Halafu kwa upande wa kurudisha: *Picha, amechukua mwenyewe. Barua, amechukua Makokha, ndugu ya marehemu.* Sahihi ya Makokha. Sahihi ya Situma. Mstari wa barua ulikuwa umebanwa chini ya kidole changu, uliongezwa baada ya wao kufungua nyuma, nafikiri ili Makokha asije akamkana Situma. Barua ilichukuliwa siku ya pili baada ya mimi kuleta picha. Maonyesho yalikuwa hata hayajafunguliwa.

Ndugu zangu, watu wanasema siku ya kujua kusoma ni siku ya furaha. Kitu cha kwanza ambacho nilisoma peke yangu, bila mwalimu, katika maisha yangu yote, ni hicho. Nililia hapo sakafuni mpaka Mwalimu Rukia akaja. Nikampa kitabu nikamwambia, "Soma wewe, labda nimekosea." Akasoma. Akaniambia, "Hujakosea." Akakaa chini karibu na mimi kwa ile vumbi, na buibui yake, akanishika mkono. Halafu akasema, "Nakili." Nikanakili kwa daftari langu, neno kwa neno.

Nikaenda moja kwa moja kwa ofisi ya Bwana Situma, na daftari. Nikamsomea. Nilimsomea mimi, kwa mdomo wangu. Alisema, "Nani alikuruhusu kuingia kwa rekodi za ofisi?" Nikamwambia nilikuwa napangusa. Akasema, "Basi upanguse, usisome."

Zamu iliyofuata, ile rafu ilikuwa tupu.

Mwalimu Rukia alinisindikiza ofisi ya ardhi. Tukaambiwa ile ploti ilishahamishwa kwa jina la Makokha, na Makokha alishauza. Tukaenda Myanga kwa wazee wa ukoo. Rukia alisimama akasema ameona kitabu kwa macho yake. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, wewe si wa ukoo huu, hata dini si yetu, umekuja kutuonyesha nini?" Makokha alikuwa hapo. Nilimuuliza swali moja, "Kwa nini ulinisindikiza?" Akasema, "Mulamwa, ungekubali kukaa na mimi, haya yote yangetoka wapi?" Hakuna mzee aliyeona kwamba hapo amekiri. Au waliona.

Karani wa kortini aliniambia nakala ya mkono wangu si ushahidi, nilete kitabu chenyewe. Nikarudi kwa Bwana Situma. Mara ya kwanza akasema kitabu kinatafutwa. Mara ya pili akasema kiliibiwa wakati wa vurugu za uchaguzi, vijana walivunja dirisha. Mimi ndiye niliyeosha madirisha ya hapa vurugu zilipoisha. Yote yalikuwa mazima. Yana vumbi tu.

Nilienda kumwona mtu aliyenunua. Si mtu mbaya. Alinipa stuli, akaniletea maji. Nikamuuliza kuhusu kaburi. Hakujua ni kaburi gani. Makokha hakumwambia kwamba kuna mtu amelala pale. Mti wa parachichi ulikatwa kuni, na trekta ilipita misimu miwili. Tulisimama katika mahindi, yeye na mimi, nikijaribu kupima kwa hatua kutoka barabarani. Sikupata mahali. Nikamwonyesha upande tu, nikasema, "Ni huku." Yule mzee alivua kofia, akasema, "Mama, mimi nilinunua kwa mtu mwenye karatasi." Sikumlaumu.

Huo ndio ushuhuda wangu. Niliambiwa niseme vile nilishinda, na kuna mahali nimeshinda, sitaki kukataa. Sasa nasoma. Naliaka ananiandikia barua kutoka Bumula, nazisoma mwenyewe. Dawa ya hospitali nasoma. Wamama wa Kibomet wananiletea karatasi zao kabla ya kuweka kidole, nawasomea mlangoni kwangu. Lakini shamba sina, kaburi sina, na Nafula wangu alilipa kwa masomo yake. Atakayeniambia mambo yote yamekuwa sawa, aje tukae naye Kibomet siku moja.

Namshukuru Mwalimu Rukia. Wazee walimdharau kwa sababu yangu na hakuniacha. Namshukuru yule jirani wa uji, ambaye aliendelea kuuleta hata nilipoukataa. Namshukuru yule msichana wa meza ya pili, sijui jina lake, sasa labda ameolewa. Na nyinyi mlioleta vitu vyenu leo, nawaambia hivi: kabla ya kutoka nyumbani, fungua nyuma ya picha. Na mtu akikuambia weka kidole, mwambie asome kwanza, kwa sauti, mbele ya mtu mwingine. Akikasirika, rudi nyumbani na picha yako.

Sasa nimalize. Tangazo lilisema kila mtu alete kitu cha zamani. Mimi nimeleta. Ni hii kadibodi. Muhuri uko hapa pembeni, nusu. Nusu ya pili iko kwa kile kilichobaki wakati mtu alikata hii na makasi ndani ya hii nyumba, akapima vizuri, aweke nyuma ya picha yangu ili nikibinya nisikie unene. Mtu anayechukua barua ni mwizi. Yule aliyekata kadibodi, alikaa akanifikiria mimi, vidole vyangu, vile nitabinya. Huyo ndiye nataka anijibu.

Naiweka juu ya meza. Naona leo kuna kitabu kipya cha kupokea vitu, na kalamu. Nataka iandikwe kama vitu vya wengine. Jina la kitu, kadibodi, moja. Jina la mwenyewe, Nekesa wa Wanjala. Hapo nitatia sahihi, sitaweka kidole. Halafu kuna mahali pameandikwa, *kimetoka wapi*. Hapo sijui kujaza.

Bwana Situma, njoo ujaze. Na ukimaliza utusomee.